Nishani Iliyong'arishwa

Jumatatu tarehe 12 Machi 1990, saa mbili na dakika kumi asubuhi, kisanduku cha kumi na nne katika fomu ya Mumina kilikuwa hakijajazwa. Odero, karani wa kamati ya uhakiki, alikigonga kwa ncha ya kalamu mara mbili.

"Hapa," alisema. "Ushahidi wa babu. Kabla ya uhuru."

Meza yake ilikuwa chini ya dirisha la ukumbi mmoja wa Eastleigh. Nyuma ya Mumina walikuwapo watu wapatao sitini, wote Wasomali, wote wameshika fomu ya aina hiyo. Tangu Novemba ya mwaka uliotangulia, Msomali wa Kenya aliyefikisha miaka kumi na minane alitakiwa kuthibitisha kwamba ni Mkenya, kisha apewe kadi ya pili ya kubeba pamoja na kitambulisho. Majirani zake Wakamba, Waluhya na Wajaluo hawakuulizwa.

Mumina alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alizaliwa Section Three, hapo hapo Eastleigh, chumbani kwa mama yake, na mkunga alikuwa mpangaji wa chumba cha pili, kwa hiyo hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Baba yake, dereva wa lori, alifariki mwaka 1981 na kitambulisho chake kikarudishwa kwa chifu kama sheria ilivyotaka. Mkobani Mumina alikuwa na barua ya chuo cha uuguzi. Ilimtaka aripoti Jumatatu tarehe 2 Aprili kabla ya saa nne asubuhi, akiwa na kitambulisho na kadi ya uhakiki. Nafasi ya asiyefika ingepewa mtu wa kwanza katika orodha ya akiba.

"Babu alikuwa askari wa Mwingereza," Mumina alisema.

"Kila mtu hapa babu yake alikuwa askari. Tukifika Ijumaa nitakuwa nimeandikisha jeshi lote la Mfalme."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Batulo, mama yake Mumina, aliyekuwa amesimama kando, alisogea mezani.

"Dubow," alisema. "Askari wa kilemba chekundu, Wajir. Namba nne moja saba."

Odero aliinua macho. "Nani amekupa namba?"

"Sikupewa. Nilikuwa nachukua posho. Kila Ijumaa mtoto anasimama dirishani, anataja namba ya baba yake, anapimiwa unga. Ukikosea unarudi na kibuyu kitupu. Nimeitaja miaka sita."

"Mama, namba ya mdomo siandiki. Kurasa za orodha ya askari ziliibwa humu ofisini, watu wanauziana namba huko mtaani. Niletee kitu. Kipande cha zamani, kitabu cha kazi, nishani. Za Wajir fundi wa bunduki alizipiga namba pembeni. Tumeziona."

Aliwapa tarehe ya kurudi, Ijumaa tarehe 16, saa tatu. Namba aliyoisikia hakuiandika popote.

Wakati huo nishani ilikuwa shingoni mwa Mumina, chini ya mtandio. Hakuna aliyeiweka mezani kwa sababu kwa miaka saba haikuwa nishani.

Ilitolewa mwaka 1937, Mfalme George wa Sita alipotawazwa. Ilikuwa ya fedha, pana kidogo kuliko sarafu kubwa. Upande mmoja ulikuwa na vichwa vya mfalme na malkia. Upande wa pili ulikuwa na taji, herufi tatu na tarehe ya kutawazwa. Dubow alivishwa mbele ya gwaride, na alipofariki mwaka 1961 ilibaki kwa Batulo, mtoto wake pekee aliyekuwa hai. Mwaka 1983 Mumina alikuwa na miaka kumi na minne, na mwalimu wake wa chuo cha Kurani aliwaambia wasichana kwamba haifai kuswali mtu akiwa amevaa sanamu ya uso wa binadamu. Batulo alitaka binti yake avae fedha ya babu yake. Aliipeleka kwa Muoki, fundi wa fedha wa Jogoo Road, akamwambia, "Nitolee hawa watu."

Muoki aliwatoa kwa tupa, mfalme na malkia, mpaka upande ule ukawa tambarare. Badala yao alichora ua la majani manane. Kishikio cha utepe alikigeuza pete ya kupitisha mkufu. Halafu alizungusha ukingoni uzi wa fedha uliosokotwa, kazi aliyofundishwa na mjomba wake Machakos, akaulehemu. Mumina alikivaa kidani hicho mpaka asubuhi ile ya Machi bila kukivua ila kwa kuoga.

Nyumbani alikitoa, akakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Taji lilikuwapo na tarehe ilikuwapo. Ukingo haukuonekana.

"Hooyo," alimwambia mama yake, "namba iko chini ya huu uzi."

Saa tano walikuwa kwa Muoki.

Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, karibu na Makadara. Alikuwa Mkamba wa miaka hamsini na minane, mzee wa kanisa, na zamani alichonga vinyago mpaka vumbi la mbao lilipomharibu kifua. Alikuwa na desturi moja iliyojulikana na wateja wote: kazi haikutoka mezani kwake ikiwa chafu. Ukimletea heleni iliyovunjika ndoano, alitengeneza ndoano, kisha akazing'arisha heleni zote mbili pande zote. Wateja walimtania kwamba huwezi kuitambua mali yako ukiichukua.

"Mama Mumina! Umepotea," alisema. "Nilisema huyu amehamia Donholm na matajiri, sisi wa Jogoo Road hatujui tena."

"Nihamie Donholm na nini, Fundi? Na haya magoti?"

"Niaje, Fundi," Mumina alisema.

"Niaje? Mzee wa kanisa unamwambia niaje? Ulikuwa mtoto wa adabu, ukija hapa ulikuwa unajificha nyuma ya mama." Alikiona kidani mkononi mwake. "Kimevunjika?"

"Hapana. Tunataka hii uzi itoke."

Muoki alivaa miwani. "Uzi wangu? Una kasoro gani?"

"Hauna kasoro," Batulo alisema. "Kuna kitu chini yake."

Walimweleza habari ya kamati, kisanduku na namba. Alisikiliza bila kuuliza. Alikishika kidani kwa koleo, akakipitisha kwenye moto kidogo kidogo, na lehemu ilipolainika akaung'oa uzi kwa ncha ya kisu. Ulitoka mzima. Alikitia kidani majini, akakikausha, akautazama ukingo kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia.

Ukingo wote ulikuwa na mikwaruzo ya tupa, imelala upande mmoja, imekaribiana.

"Hapa kuna moja," alisema. "Hapa kuna mkia, sijui wa nne ama wa tisa. Ile ingine tupa imekula."

"Kwani hukuiona?" Mumina aliuliza.

"Niliiona. Fedha ya Wazungu yote iko na namba. Vijiko viko na namba, sahani ziko na namba. Nilijua ni ya kiwanda." Aliweka kidani mezani. "Lehemu haishiki mahali laini, binti. Lazima ukwaruze kwanza. Nikakwaruza."

Kisha Mumina alinyoosha kidole kwenye kibweta cha mbao kilichokuwa pembeni mwa meza. "Hivyo si ni vyuma vya kupiga namba?"

"Ni vya kuandika tarehe kwa pete za arusi."

"Si utupigie."

"Hapana. Hiyo ni kitu ya serikali."

"Si ya serikali," Batulo alisema. "Ni ya baba yangu, na namba ni yake. Wewe ndiye umeitoa, Fundi. Irudishe."

Muoki alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nne, moja, saba. Uko sure si saba, moja, nne? Nikipiga nimepiga."

"Nimeila hiyo namba miaka sita."

Kwanza alilainisha ukingo kwa tupa nyembamba ili tarakimu zikae mstari mmoja. Kwa kufanya hivyo aliondoa ile moja na ule mkia. Kisha alikibana kidani katikati ya vipande viwili vya ngozi, akapiga tarakimu tatu, kila moja kwa pigo moja la nyundo. Zilikaa sawa, na nafasi kati yake zilikuwa sawa. Baada ya hapo alichukua jivu, nusu ya ndimu na kitambaa. Alisugua ukingo, akasugua ua, akasugua uso wa taji. Weusi uliobaki ulikuwa ndani ya mifereji ya taji na herufi, ambako kitambaa hakifiki.

Batulo alifungua mkoba. Muoki alitikisa kichwa.

"Kosa ni langu. Siwezi kulilipisha."

"Imekuwa kama siku ile ya gwaride," Batulo alisema.

Batulo alizaliwa mwaka mmoja baada ya gwaride hilo. Hakuna hata mmoja kati ya watu watatu waliokuwa kibandani aliyesema kwamba nishani ilikuwa inang'aa kupita kiasi.

Ijumaa saa tatu na robo waliitwa ndani. Kamati ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa afisa wa wilaya mstaafu, na pamoja naye wazee wawili wa Kisomali, mmoja wao akiitwa Mzee Kaha. Odero alikaa mwisho wa meza na orodha.

Mwenyekiti alikipokea kidani, akasoma tarehe chini ya taji, akageuza, akalitazama ua.

"Mfalme yuko wapi?"

"Tulimtoa," Batulo alisema. "Mtoto anaswali nacho."

Mzee Kaha alitabasamu. Mwenyekiti aliweka kioo cha kukuzia kwenye ukingo. "Nne moja saba."

Odero alifungua orodha, akashusha kidole. "Mia nne kumi na saba. Dubow. Koplo. Ameingia 1934, ametoka 1951."

Mumina alimshika mama yake mkono. Odero alikuwa ameshafungua kifuniko cha kalamu ili ajaze kisanduku cha kumi na nne. Mwenyekiti alimwinulia kiganja. Alitoa leso nyeupe mfukoni, akaipitisha kwenye ukingo, akaitazama. Ilikuwa na alama ya kijivu. Alirudisha kioo, akatazama taji, kisha namba, kisha taji.

"Taji lina weusi ndani ya mifereji," alisema. "Namba haina. Hii namba ina siku ngapi, mama?"

"Nne," Batulo alisema.

Alimweleza yote. Alieleza habari ya mwalimu wa Kurani, uzi, tupa, dirisha la posho. Alisema kwa mpangilio na hakuacha kitu isipokuwa jina la fundi. Mwenyekiti hakumkatiza.

"Mama," alisema alipomaliza, "mwezi huu nimeletewa nishani tatu kabla ya yako. Zote namba mpya, zote ziko kwenye orodha. Mtu akiniletea namba isiyo sahihi, najua amekosea. Akiniletea namba sahihi iliyopigwa juzi, najua ameuziwa."

"Lakini ni ya baba yangu."

"Hilo ndilo aliyeiuza angekwambia useme."

"Niliitaja Jumatatu kabla sijaenda kwa fundi yeyote. Mwulize huyu."

Mwenyekiti alimgeukia Odero. Odero aliifunua fomu, akaitazama mbele na nyuma.

"Kwenye fomu hakuna."

"Sikuulizi fomu."

"Watu sitini wanapita hapo kwa siku, Mwenyekiti. Siwezi kuapa."

Karani aliyekaa kwenye meza hiyo kabla ya Odero alikuwa amesimamishwa kazi mwezi Februari kwa sababu ya kurasa zilizopotea.

"Fundi ni nani?" Mwenyekiti aliuliza.

"Ni fundi tu. Alifanya nilivyomwambia."

"Jina."

"Jina lake halina kosa."

Mwenyekiti alikitia kidani ndani ya bahasha ya kaki, akaandika juu yake, akaifunga. "Nawapa mpaka saa sita. Anayesaidia kamati, kamati inawasikiliza wazee wanaomtolea ushahidi. Asiyesaidia, faili linafungwa, linaenda polisi. Nendeni mkazungumze."

Walizungumza nje, kando ya ukuta, penye bomba la maji.

"Hooyo, sema tu jina."

"Nikisema watamchukua."

"Watamwuliza, ataeleza, basi."

"Mimi sijaeleza? Umeona wamenisikia?"

"Kwa hivyo nikose mimi? Kwa sababu ya mtu wa Jogoo Road aliyekwaruza kitu yetu bila kuuliza?"

"Alikwaruza kwa sababu nilimpelekea. Mwaka ujao utaomba tena."

"Mwaka ujao barua itakuwa ya mtu mwingine, Hooyo. Huko hawatunzi nafasi kama kiti cha arusi."

Batulo alisema wangojee hata saa sita ikipita, huenda mwenyekiti angelainika baada ya sala ya Ijumaa. Saa tano na dakika arobaini alikwenda bombani kutawadha. Mumina aliingia ndani peke yake.

Yaliyosemwa humo yameandikwa, kwa hiyo yanajulikana. Mumina alitaja jina la Muoki na mahali pa kibanda chake.

"Huyo ndiye aliyepiga," Mwenyekiti alisema. "Mimi nauliza aliyetoa namba."

Odero aliandika swali hilo, akaacha mstari wa jibu.

"Ni yeye," Mumina alisema. "Alikuwa nayo."

Alitia sahihi mahali pawili. Baada ya hapo Mzee Kaha aliulizwa kama alimfahamu Dubow. Alijibu kwamba alimfahamu tangu utotoni, alimwona na kilemba chekundu mara nyingi, na Batulo ni binti yake bila shaka. Odero aliyaandika hayo katika kisanduku cha kumi na nne, nayo yalitosha kukijaza. Mzee Kaha alikuwa ameketi kwenye kiti hicho hicho tangu saa tatu, ila hakuwa ameulizwa.

Mumina alipotoka alimwambia mama yake kwamba mwenyekiti amelainika, na wazee wamekubaliwa. Batulo alimshukuru Mungu kwa sauti. Hakuuliza zaidi. Walirudi nyumbani kwa miguu.

Muoki alikamatwa siku iliyofuata, Jumamosi, saa nne asubuhi. Polisi walichukua kibweta cha vyuma vya namba. Vilikuwa tisa, sifuri mpaka nane, kwa kuwa sita ikigeuzwa ni tisa. Walichukua pia nishani mbili za vita alizokuwa ameachiwa na mzee mmoja wa Kitui azitie vishikio vipya. Vyuma na nishani viliandikwa kwenye karatasi moja ya vielelezo.

Jumapili saa saba mchana Ndindi, mke wa Muoki, alibisha kwa Batulo akiwa bado na nguo za kanisani. Hakukubali kuketi.

"Mama Mumina, mzee wangu amewakosea nini?"

"Nani?"

"Muoki. Yuko seli tangu jana. Wanasema anauza uraia. Mtu ambaye hajawahi kuuza hata mkufu wa bati akasema ni fedha."

Batulo alishika kiti. "Mimi sikutaja jina lake. Waliniuliza, nikakataa."

"Kuna mtu alitaja. Polisi aliniambia kuna karatasi, imesainiwa na msichana."

Batulo aligeuka. "Mumina."

Mumina alitoka nyuma ya pazia la jikoni na mikono yenye unga.

"Ni wewe?"

"Waliuliza, nikajibu."

"Ulijibu nini?"

Mumina alirudi nyuma hatua moja, hadi kwenye pazia.

"Ulijibu nini, Mumina? Ulisema alipiga, ama ulisema namba ilitoka kwake?"

Mumina alianza kujifuta unga mikononi, kidole kimoja baada ya kingine. Ndindi alimtazama akifanya hivyo.

"Jumatatu alikuja nyumbani akanieleza," Ndindi alisema. Hakuwa akisema kwa sauti kubwa. "Akasema, nilikuwa nimeharibu kitu ya wenyewe, leo nimerekebisha. Akakula vizuri. Nikamwuliza wamekulipa, akasema mtu halipwi kwa kosa lake. Sasa mimi nauliza wewe, msichana, ulikuwa unamdai nini kingine?"

"Sikujua watamfunga," Mumina alisema.

"Ulijua watakupa kadi."

Ndindi aliondoka. Batulo alivaa viatu, akaenda kituo cha polisi peke yake. Alifika saa tisa kasorobo. Afisa aliyekuwa zamu alimsikiliza mpaka mwisho, naye hakuwa mkali.

"Ngoja nikuelewe, mama. Unasema fundi hakuwapa namba. Nyinyi ndio mlimpa."

"Ndiyo."

"Na binti yako aliandikisha kwamba ni yeye aliwapa."

"Ndiyo."

"Basi binti yako alidanganya kamati ya serikali, na akatia sahihi. Hilo ni kosa. Nikiandika hivyo, fundi anaweza kutoka, na binti yako ataingia. Kadi hatapata, na chuo usahau." Alivuta kitabu cha matukio, akafungua kalamu. "Niandike?"

Batulo aliomba aruhusiwe kufikiri.

"Fikiri, mama. Mimi niko hapa mpaka saa kumi na mbili."

Aliketi kwenye benchi la nje kwa muda wa saa moja hivi. Watu wawili waliomfahamu walimsalimia, naye akawaitikia. Saa kumi alikwenda nyumbani. Kitabu cha matukio cha Jumapili hiyo hakina jina lake.

Jumatatu tarehe 19 Muoki alifikishwa mahakamani Makadara, akashtakiwa kwa kughushi na kwa kupatikana na habari za siri za serikali. Alipoulizwa alikoipata namba alisema aliambiwa na mwenye nishani. Upande wa mashtaka ulisoma maelezo ya Mumina. Alikana mashtaka yote mawili, akarudishwa rumande kwa wiki mbili uchunguzi ukamilike.

Ijumaa tarehe 23 Mumina alichukua kadi yake. Jina lilikuwa sahihi, na picha ilikuwa wazi. Kidani hakikurudishwa. Odero alimwambia kwamba sasa ni kielelezo namba moja, na angeweza kukiomba baada ya kesi. Mumina alisema hakihitaji.

Katika siku kumi zilizofuata mama na binti walisema yaliyohitajika kusemwa: maji yameisha, mlango ufungwe, sanduku liko chini ya kitanda. Jirani mmoja aliyekuja kumpongeza Mumina alimkuta Batulo akikunja sare za chuo, moja moja, huku Mumina ameketi upande wa pili wa chumba. Alidhani wameshikwa na huzuni ya kuagana.

Siku ya Jumatano Batulo alikwenda mpaka kibandani kwa Muoki. Kilikuwa kimefungwa kwa kufuli la polisi. Fundi wa viatu wa kibanda cha pili, Opicho, alimwambia kwamba wateja wanakuja kudai vitu vyao na hakuna wa kuwajibu.

"Na wewe ulikuwa umeacha nini?" alimwuliza.

"Sikuacha kitu," Batulo alisema.

Jumatatu tarehe 2 Aprili, saa mbili na dakika ishirini, Mumina aliripoti chuoni. Msajili alitazama kitambulisho, akatazama kadi, akaandika jina lake katika mstari wa kumi na tisa. Batulo hakumsindikiza.

Saa tatu siku hiyo hiyo kesi ya Muoki ilitajwa Makadara. Hakimu aliruhusu aachiliwe kwa dhamana ya mtu mmoja mwenye kitambulisho na makazi yanayojulikana Nairobi. Batulo alikuwa kwenye benchi la tatu upande wa dirisha, na kitambulisho chake kilikuwa mkobani. Muoki alikuwa amemwona. Karani wa mahakama aliuliza kama yupo mtu wa kumdhamini mshtakiwa.

Ndindi alisimama.